Chakula cha Usiku, Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Mume wangu anafundisha Kiingereza darasa la tatu, na wanafunzi wamempa jina la Bwana Saa. Hawakukosea. Anaamka saa kumi na moja, anapiga mswaki saa kumi na mbili kasorobo, na chai ikichelewa dakika mbili anaitazama meza kama mtu aliyeibiwa. Nimeishi naye miaka kumi na tisa. Nisingekuwa mtu wa utani, mmoja wetu angesharudi kwao.

Somo analolipenda kuliko yote ni lile la watoto wa dunia na siku zao. Ana picha nne alizochora mwenyewe kwenye maboksi ya sabuni. Kuna mtoto wa nchi ya theluji anayekwenda shule gizani, kuna wa nchi ambako watu hufunga maduka mchana wakalala, na kuna wa nchi ambako wanafunzi hupiga deki madarasa yao. Ya nne mimi naiona ng'ombe. Yeye anasema ni mtoto wa wafugaji. "Kila watu na desturi zao," huwaambia, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa kidole.

Mwaka huu watoto waliandika habari za siku zao wenyewe. Ambaye angepata kumi kwa kumi angesoma yake mbele ya wazazi. Alikuwa anasahihisha mezani, mimi nashona vifungo pembeni, mara akacheka. Binti mmoja, mwenye hati nzuri kuliko wote, ameandika kwamba kwao wanakula chakula cha usiku saa kumi na mbili asubuhi, kisha mama anakwenda kulala na yeye anakwenda shule.

"Kachanganya nyakati huyu," alisema, akapiga mstari mwekundu. Tisa kwa kumi.

"Umemuuliza?"

"Mke wangu, nani anakula chakula cha usiku asubuhi?"

Niliibana sindano mdomoni, nikachukua kifungo kingine.

Siku tatu baadaye, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, tukasikia hodi. Mlangoni alisimama mama mmoja aliyevaa sare ya wafanya usafi wa hospitali, daftari mkononi. Mume wangu alitoka na mswaki wake, povu mpaka kidevuni.

"Samahani kukuvamia, mwalimu," yule mama alisema. "Natoka kazini. Nikishalala siamki mpaka shule imefungwa."

Alieleza bila kupandisha sauti. Anasafisha wodi usiku kucha. Nyumbani bibi anapika alfajiri, wanamngoja wale pamoja, kwa sababu ndiyo saa pekee wanayoonana wote.

"Jana mtoto alikataa kukaa kula na sisi. Anasema tunakula kimakosa." Akalifungua daftari. "Ananiambia wale wa kwenye boksi wanalala mchana, na wewe umesema ni desturi yao. Mimi nalala mchana, umenipiga kosa. Sasa mwalimu, tuhamie nchi gani?"

Mume wangu alimeza povu. Nakiri nilifurahi kidogo, halafu nikamwonea huruma, maana uso ulimshuka mpaka nikatamani kumpa kiti. Alichukua daftari, akaingia ndani kutafuta kalamu. Akafuta tisa, akaandika kumi, na chini yake akaomba radhi kwa maandishi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku ya wazazi, ratiba ilisema mgeni rasmi ahutubie saa tatu, wanafunzi wasome saa tano. Yule mama alikuja bado na sare yake, hajalala tangu atoke kazini, akakaa mstari wa mbele, macho mekundu. Ilipogonga saa tatu, Bwana Saa, mtu asiyesogeza jambo hata kwa dakika, alichukua kipaza sauti akamwita binti. Mwalimu mkuu alimkanyaga mguu. Hakujali.

Binti alisoma bila kubabaika. Alipofika kwenye chakula cha usiku, watu wakacheka. Mama hakucheka. Alijifuta macho kwa mkono wa sare, akapiga makofi peke yake mpaka wengine wakamfuata.

Mgeni rasmi hajamaliza hata salamu, mama alikuwa anakoroma. Mwalimu mkuu aliinuka kwenda kumwamsha. Mume wangu akamshika mkono.

"Mwache, mkuu," alimwambia. "Kwao sasa hivi ni usiku."