Nati Tano za Gurudumu la Kushoto

Mtu akisema mbele yangu kwamba tela haina injini, damu inanichemka mpaka leo. Hayo ndiyo maneno aliyonijibu shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, siku aliyotuletea tairi mbili kutoka Singida mjini. Aliyasema huku anacheka, tena kwa sauti, majirani wasikie.

Tela yenyewe ni ile tunayoivuta kwa pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, hapa Ulemo. Ina magurudumu mawili na bodi ya mbao, na msimu wa mavuno inabeba kila kitu tulicholima. Tairi zake za zamani zilikuwa zimeisha meno, zimebaki vipara. Mume wangu alikuwa amekwenda Mtinko kununua mbuzi, akamwachia mdogo wake kazi ya kutafuta nyingine na kuzifunga, kwa kuwa kwao huyo ndiye fundi. Fundi! Kazi aliyowahi kuifanya ni kuziba pancha za baiskeli.

Nikainama nizikague. Baba yangu mzazi aliendesha lori la vitunguu miaka mingi, na nyumbani kwetu tulijua kusoma ubavu wa tairi kama watu wengine wanavyojua kuchambua mboga. Ubavuni pameandikwa ukubwa wake na uzito inaoweza kubeba. Hizi zilikuwa za gari dogo, mtumba, zimepakwa dawa nyeusi ziwake kama mpya. Isitoshe hazikulingana, moja ilikuwa nene kuliko mwenzake.

"Shemeji," nikamwambia, "hizi ni za teksi. Sisi tunapakia gunia kumi na mbili za alizeti."

"Tela haina injini, shemeji. Inavutwa tu. Tairi yoyote inayozunguka inaitosha."

Ati inayozunguka! Hata sufuria linazunguka ukilisukuma. Pawatila inavuta, lakini uzito wote wa mzigo umekalia tairi za tela. Nilimweleza hivyo, akanipigapiga begani kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

Kilichofuata kiliniudhi zaidi. Alizipaka rimu rangi ya bluu, nzito, mikono miwili, hadi ule upande wa ndani unaokutana na habu, kile kitovu cha gurudumu chenye bolti, mahali panapotakiwa chuma kigusane na chuma. Kabla rangi haijakauka vizuri akazifunga. Halafu akachukua mashapo ya mafuta ya alizeti akazipaka bolti zote, nati zisije zikashika kutu. Kwetu mafuta ya alizeti ni dawa ya kila kitu. Tunapaka ngozi, tunapaka bawaba za mlango, na mtoto akikohoa anarambishwa. Sawa. Lakini bolti ya gurudumu, jamani? Hiyo unaisugua iwe safi na kavu, ili nati ikikaa ikae.

Na kukaza kwenyewe! Alianza na nati ya kwanza akaimaliza kabisa, akahamia ya jirani yake, hivyo hivyo mpaka akazunguka. Nati hazikazwi hivyo. Unakaza moja kidogo, unaruka upande wa pili, unarudi, ili rimu ijilaze sawasawa. Ukiishusha jeki unazikaza kwa nguvu. Ukitembea kidogo unasimama, unazikaza tena. Baba hakuwahi kufunga tairi akaondoka moja kwa moja.

Kesho yake asubuhi tukapakia. Katika familia ile mzigo wa kwanza wa alizeti hauendi kukamuliwa Kiomboi bila mama mkwe wangu kukaa juu ya magunia. Hamwamini mtu yeyote wa mashine. Anasimama pale mpaka mbegu zake zikamuliwe, aone mafuta yake na mashudu yake kwa macho yake. Ndivyo alivyofanya miaka yote, na siku hiyo huvaa kitenge kipya, na wanawake wa jirani wanakuja kumsindikiza kwa vigelegele. Alipandishwa, akakaa juu kabisa, anacheka kama bibi harusi.

Mimi roho haikutulia. Nikachukua spana ya tairi nikachuchumaa kwenye gurudumu la kushoto. Nati ya kwanza ikazunguka kwa uzito wa mkono tu. Ya pili vilevile. Rangi mbichi ilikuwa imejikamua pembeni. Kabla sijagusa ya tatu, shemeji akaja kusimama juu yangu.

"Shemeji, unataka kunivua nguo mbele ya mama?"

Watu wakaangua kicheko. Akanyoosha mkono aichukue spana. Nikampa.

"Kuna nini huko chini?" mama mkwe akauliza kutoka juu.

"Hakuna kitu, mama," nikasema. "Safari njema."

Shemeji akaondoka na pawatila, nami nikafuata kwa bodaboda nikiwa na madumu ya kuwekea mafuta. Tuliikuta tela kwenye mteremko, na gurudumu la kushoto lilikuwa linacheza. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma, lakini nani anasikia mbele ya mngurumo wa pawatila? Gurudumu likachomoka, likaipita pawatila, likaendelea mbele peke yake. Tela ikalala. Magunia yakamwagika mtaroni, na mama mkwe chini yake. Paja lilivunjika. Hospitali walifanya kila waliloweza, lakini mwanamke aliyekuwa akifika shambani kabla yetu sote sasa hafiki chooni bila kushikwa.

Waliokuja kumpa pole walisema ajali haina kinga. Nani kasema haina? Kinga yake ni spana na dakika kumi! Shemeji aliwaambia wazee kwamba ni shetani. Nikamjibu mbele yao, nikiwa nimesimama, kwamba shetani hakupaka rimu rangi wala hakupaka bolti mafuta ya alizeti. Mume wangu naye aliporudi alimfokea mdogo wake mpaka sauti ikamkauka. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini lililovunjika halikuwa guu la huyo asiyesikia. Nilisema hivyo kisimani, kanisani, kwa kila aliyetaka kusikia. Nilikuwa na haki, na niliifurahia haki yangu.

Asubuhi moja nilikuwa namwosha mama mkwe miguu. Alikuwa anatazama mikono yangu.

"Siku ile," akasema, "kule chini ya tela uliona nini?"

"Nati zimelegea, mama."

"Ulizishika?"

"Nilizishika. Mbili."

Kwetu mkwe hamuumbui shemeji yake mbele za watu, na hilo yeye analijua kuliko mimi. Nilidhani atanisaidia kulisema.

"Mimi nilikuuliza, mwanangu," akasema.

Nikachota maji mengine, nikauosha tena mguu ambao nilikuwa nimeshauosha.