Shukrani za Bi Kheiria katika Mji wa Manjano

Hebu mwone mwanamke huyu anashuka garini. Mguu wa kulia kwanza, kwa sababu goti la kushoto limefungwa bendeji, na goti hilo ndilo lililomleta Uhindi. Anashika mlango, anajivuta, anasimama, analiweka sawa buibui lake. Nyuma yake anashuka mwanamume mnene mwenye kofia ya Kiomani na kamera ya video shingoni, keshachoka kabla hajafanya lolote. Mbele yao ni soko. Si la samaki wala la nguo, ni soko la manjano tupu, kiungo kile cha mchuzi. Mikokoteni ya ng'ombe, malori, magunia yaliyorundikwa hadi kwenye mapaa, na vumbi la manjano limekaa kila pahala, kwenye majani ya miti, kwenye masharubu ya wachukuzi, mpaka kwenye kope za ng'ombe. Hajapiga hatua kumi, upindo wa buibui umeshageuka rangi.

"Dada," anasema yule mwanamume, "tushatiwa viungo, bado kukaangwa tu."

"Thabit, beba mkoba wa halwa na ufunge mdomo."

Huyo ndiye Bi Kheiria, na huyo ni mdogo wake. Mwaka ni 2002, mwezi wa Machi, siku ya Alhamisi. Iweke akilini Alhamisi hiyo.

Bi Kheiria alifika Maskati kutoka Unguja mwaka wa 1975, yeye, mama yake Bi Shaikha, na Thabit. Akapata kazi ya ukarani katika wizara moja kule mjini Maskati, akajenga nyumba Khuwair ya Kusini, akaolewa, akaachwa, akabaki na mama yake. Watu walimpenda, nisikufiche. Ukiugua, yeye ndiye wa mwanzo kuja na uji. Lakini alikuwa na jambo moja: kweli ikimfika mdomoni, haipigi hodi. Siku moja ofisini, mwenzake alimwomba amtilie saini ya asubuhi kwa sababu mtoto ana homa. Bi Kheiria hakutia, na mkubwa wa kazi alipouliza akamwambia mtu yuko wapi na kwa nini. Mwenzake akahamishiwa mbali. "Mimi sijui kuficha," akawa anasema, na alilisema hilo kama mtu anayekuonesha pete yake mpya.

Mwaka 1991 Bi Shaikha akapatwa na kiharusi, upande mmoja ukafa. Ndipo alipokuja Narasamma, mjane wa baadaye, maana wakati ule mumewe alikuwa hai, kutoka huko Andhra, kwenye mji huu wa manjano. Jina lilikuwa refu, Bi Kheiria akalikata, akamwita Nasra. Paspoti yake ikawekwa kabatini chini ya mashuka, kama nyumba zote zilivyofanya siku zile. Nasra akalala kwenye godoro chini ya kitanda cha Bi Shaikha miaka tisa. Akamgeuza, akamwosha, akamtoa haja, akamlisha kwa kijiko. Kiswahili alifundishwa na yule mgonjwa mwenyewe, cha Unguja kitupu, mpaka ukimsikia jikoni anasema "nnakuja, khasira za nini?" ungedhani kazaliwa Malindi ya Unguja.

Miaka tisa hiyo alikwenda kwao mara mbili. Mumewe alipokufa, mwaka wa tano, Nasra alikuja sebuleni akasimama, hakuketi.

"Bi Kheiria, nataka kwenda."

"Ukenda sasa, nani atamgeuza mama?"

Nasra akarudi chumbani. Jioni yake Bi Kheiria akampelekea doti ya khanga mpya, ya kumpa pole. Hakuona ubaya wowote. Mpaka leo ukimwambia atakushangaa.

Bi Shaikha akafariki mwaka 2000. Narasamma akarudi kwao kwa mtoto wake mmoja, msichana Sujata, aliyemwacha na miaka minane na kumkuta na kumi na saba.

Sasa kuna jambo ambalo lazima ulijue kabla hatujaingia ndani, na Bi Kheiria hakulijua. Kwao Narasamma ni watu wa mashamba, wenye heshima yao. Kwa watu hao, kushika haja ya mtu mwengine, kushika maiti ya watu wengine, ni kazi yenye wenyewe, na wenyewe hao hawakaribishwi uani, wala hawachoti maji kisima kimoja nao. Narasamma alijua akisema ukweli atakuwa mmoja wao, yeye na mtoto wake. Kwa hiyo miaka tisa aliwaandikia kwamba anashona sare katika skuli ya wasichana. Nyumba nzima ilisimama juu ya hicho cherehani ambacho hakikuwapo.

Bi Kheiria alikuwa Haidarabadi kwa matibabu ya goti. Akapiga simu kwenye duka lililo mbele ya nyumba ya Narasamma. "Nasra! Niko kwenu! Tunakuja kukuona!"

Sauti ya upande wa pili ikasema, "Karibu, Bi Kheiria. Lakini njoo Ijumaa. Alhamisi kuna posa ya Sujata."

Sasa mwambie Mwunguja kuna posa, halafu mwambie asije! Bi Kheiria alikata simu, akamwambia Thabit, "Maskini, anaona haya kutualika." Akanunua sari, akamwongezea na kopo la halwa alilotoka nalo Maskati. Wakafika Alhamisi.

Narasamma aliwaona kutoka barazani. Alikuwa amevaa sari ya kijani, maua nywelani, na uso wake ulibadilika mara mbili: kwanza ukafurahi, maana aliwapenda, kisha ukaingia woga. Akawafuata hadi kizingitini, akamshika Bi Kheiria mkono.

"Bi Kheiria, nakuomba. Ya Khuwair usiyaseme hapa."

"Ah, Nasra! Wewe na adabu zako!" Bi Kheiria akamkumbatia. Alidhani anamwona mtu aliyefanya wema kwa ajili ya Mungu, hataki utajwe.

Ndani walikuwa watu kiasi cha kumi na watano, wamekaa mkekani. Upande mmoja jamaa wa Narasamma, upande wa pili wa bwana harusi, wenye duka kubwa la manjano sokoni. Kati yao sinia: nazi, tambuu, popoo, maua, sari nyekundu iliyokunjwa. Sujata alikuwa keshatiwa alama nyekundu kwenye paji. Lilibaki jambo moja tu, sinia hilo litoke mkono wa mama wa kijana liingie mkono wa Narasamma, basi posa imekubaliwa.

Wageni wakaheshimiwa, wakapewa viti. Bi Kheiria akasema kwa Kiswahili, Narasamma akafasiri kwa Kitelugu, na alivyofasiri ndivyo alivyotaka yeye. "Huyu ni mkuu wa skuli yetu," akasema, na wote wakaitikia kwa kichwa. Mambo yangekwisha hapo.

Lakini ami yake bwana harusi, mzee mmoja aitwaye Raghava, alikuwa amefanya kazi Kuwait miaka minane. Akasogea, akasalimia kwa Kiarabu.

"Ahlan, ya ukhti, karibu dada yangu. Maskati wazima?"

Bi Kheiria akafurahi kama aliyekuta ndugu. Hapana haja ya mkalimani tena! Akanyoosha mgongo. Kwetu, ukihudhuria posa, hukai kimya. Unamsifu mama wa msichana mbele ya watu, maana sifa ya mama ni mahari ya pili. Na yeye alikuwa na deni la shukrani moyoni mwake tangu siku ya maziko.

"Nataka mjue mnaoa nyumba gani," akaanza. Narasamma akamwita, "Bi Kheiria, chai." Hakusikia. "Mama huyu amemtumikia mama yangu miaka tisa. Mama alikuwa hawezi hata kujigeuza. Huyu ndiye aliyemtoa haja, kubwa na ndogo, kwa mikono yake hii. Hakukunja uso hata siku moja. Na siku mama alipokufa, tulipomwosha, huyu alisimama nasi, akatushikia kata ya maji. Binti yangu wa tumbo asingefanya vile!"

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Thabit alikuwa anapiga video.

Raghava alikuwa ameanza kufasiri tangu mwanzo, sentensi kwa sentensi, akitabasamu kwa fahari ya Kiarabu chake. Tabasamu likaisha katikati. Lakini alikwishasema, na waliobaki wakamlazimisha amalize.

Mwanamume mmoja alikuwa na gilasi ya maji aliyopewa na Narasamma. Akaiinamisha taratibu, akayamwaga sakafuni, akaiweka gilasi mbali naye.

Narasamma akapiga magoti mbele ya kiti cha Bi Kheiria, akaanza kusema kwa Kiswahili, upesi upesi, chini chini. "Waambie umekosea. Sema alikuwa Nasra mwengine. Nyumbani kwenu wamepita wengi. Sema mimi nilikuwa nashona. Neno moja, Bi Kheiria. Hawa ukiwaambia wewe wataamini."

"Kwa nini? Kuna aibu gani?"

"Kwetu ni uchafu. Sujata hataolewa."

Na Raghava naye, Mungu amlipe, akaufungua mlango upande wake. "Ya ukhti, umesafiri, umechoka, unaumwa. Labda umechanganya watu? Nyumba za Maskati zina watumishi wengi." Macho yake yalikuwa yanaomba. Sijui yeye mwenyewe Kuwait alifanya kazi gani, hakuna aliyemuuliza.

Thabit akashusha kamera. "Dada, sema. Uongo wa kusuluhisha watu dini imeuruhusu."

"Usinifunze dini wewe, swala ya alfajiri hujaiona tangu Idi."

"Nitukane utakavyo, lakini sema."

Chumba kizima kinamtazama. Narasamma kashika upindo wa buibui lake, vidole vimejaa manjano. Sujata kasimama ukutani, hajui Kiswahili, hajui Kiarabu, anamtazama mgeni huyu mdomoni.

Ningependa kukwambia kwamba Bi Kheiria hakuelewa. Alielewa. Lakini neno moja lilikuwa limemchoma: uchafu. Mama yake Bi Shaikha, aliyekuwa akifukiziwa udi kila Ijumaa, ni uchafu? Hasira ikampanda, na ile pete yake ya kusema kweli ikamwasha kidoleni.

"Wallahi," akamwambia Raghava, kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu na hajali, "ni huyu huyu. Wala sijachanganya."

Raghava akafasiri.

Mama wa kijana hakupiga kelele. Alilivuta sinia kwake, akafunika sari kwa kitambaa, akainuka. Alipofika mbele ya Sujata alisimama, akamwonesha paji la uso kwa kidole, pasi na kumgusa: futa. Msichana akajifuta kwa kiganja. Alama ikaenea mpaka kwenye nyusi. Kijana mwenyewe alikuwa anatafuta viatu vyake mlangoni, na alivitafuta muda mrefu ingawa vilikuwa pale pale.

Shemeji yake Narasamma akatoka nao nje, akiwasemesha mbio mbio, akarudi peke yake. Akachukua mtungi wa maji, akaumwaga wote uani.

Narasamma akamfuata binti yake. Sujata akarudi nyuma hatua moja, akasema maneno machache.

"Anasema nini?" akauliza Bi Kheiria.

Narasamma akafasiri, kama alivyozoea kujibu kila akiulizwa. "Anasema nisimguse. Anauliza chakula alichokula utoto wake wote kilitoka kwenye mikono hiyo."

Akawasindikiza hadi garini, maana wageni husindikizwa.

"Nasra, ungelinambia mapema," akasema Bi Kheiria.

"Nilikwambia mlangoni."

Njia nzima hadi Haidarabadi Thabit hakutia mzaha hata mmoja. Dada yake alisema mara moja tu, "Wanamwita mama yangu uchafu," naye akajibu, "Mama keshakufa, Dada. Yule msichana yuko hai."

Maskati, Bi Kheiria alikihadithia kisa hiki kila alipokaa. Wanawake wakampa haki: umefanya vyema, haki haifichwi, watu gani hao. Goti halikupona. Mwaka 2004 na la pili likaanza. Akabadilisha watumishi watatu, wa mwisho Dativa, Mtanzania, aliyeondoka akimwambia, "Mama, wewe unataka mtu asiye na kwao."

Mwaka 2005 simu ikalia.

"Bi Kheiria, goti vipi?"

"Nasra! Halifai."

"Sujata ana miaka ishirini na miwili. Zilikuja posa tatu kutoka mbali, zikafika sokoni zikarudi. Hapa hapati kazi, hapati mume. Unaye mtu nyumbani?"

Viza ilitoka kwa wiki tano. Jina la Sujata halina taabu yoyote, lakini Bi Kheiria alimwita Sara. Paspoti ikaenda kabatini. Msichana hodari, kimya, mikono mepesi. Bi Kheiria sasa hasimami bila kushikwa, na kazi ya Sujata unaijua mwenyewe ni ipi. Huwaambia wageni, "Mungu hamtupi mja wake. Kaniletea mtoto wa Nasra."

Juzi walikuja wageni wawili, marafiki wa Thabit kutoka Wadi Kabir, mmoja wao hajapata kukisikia kile kisa. Bi Kheiria akakianza, mguu wake uko mapajani kwa Sujata anakandwa mafuta ya karafuu. Mji wa manjano, sinia, mzee wa Kuwait. "Wakaniomba niseme neno moja tu la uongo," akasema. "Nikawaambia, wallahi, ni huyu huyu!" Wageni wakaguna kwa kuridhika.

Sujata ana miaka miwili ndani ya nyumba ile. Kiswahili kimekwisha kumkaa. Mikono yake ilisimama juu ya goti, kiasi cha kuvuta pumzi mbili, kisha ikaendelea kukanda. Hakuinua uso.

Lakini akija kuuinua siku moja, na ikawa si Bi Kheiria anayemtazama bali wewe, uliyekaa pale na kikombe chako cha kahawa, akakuuliza kwa Kiswahili kile kile cha nyumba ile, neno moja lingempunguzia nini bibi huyu, utamjibu nini?