Miguu ya Kivuko cha Soko

Fundi wa miguu ya bandia katika karakana ya shirika la msaada ana miaka ishirini na miwili kwenye benchi lile lile. Wateja humwita Mzee Hatua. Ndani ya kila mguu, pale kigutu kinapoingia, huandika kwa wino tarehe na mahali mwenye mguu huo alipopoteza wa kwake, kisha humwagia gundi ngumu juu yake. Majina hufanana, anasema. Aliwahi kumvisha mtu mguu wa jirani yake.

Mwaka huu mahali hapakumsaidia. Kati ya miguu kumi na minne iliyokuwa tayari, tisa ilisomeka "kivuko cha soko", na yote ni baada ya serikali kung'oa matuta pale ili magari yaende kasi. Mkurugenzi wa shirika aliiandikia wizara kuhusu hilo. Jibu lilikuja lenyewe, limevaa suti: afisa wa vibali vya mashirika.

"Kazi yenu ni kugawa miguu," alisema. "Mambo ya barabara ni siasa. Ijumaa Waziri anakuja kukabidhi, na kamera zitakuwepo. Nisione maandishi hayo ndani ya miguu."

"Na sisi tunaowapokea waliokatwa, mheshimiwa, tuseme wameanguka kitandani?" fundi aliuliza.

"Mzee, usinitafute."

Alipoondoka, mkurugenzi aliweka msasa mezani. "Futa, baba. Wakitunyima kibali tumekwisha."

"Wino uko chini ya gundi. Nikikwangua mpaka huko, mguu utapasuka. Unataka mtu aanguke miguuni pa Waziri?"

Sherehe iliahirishwa. Kwa amri ya afisa, miguu yote ikafungiwa stoo.

Jumatatu alikuja mama muuza mitumba aliyetembea kwa magongo miezi minane. "Mguu wangu uko wapi?"

"Stoo. Una maneno yasiyompendeza Waziri."

"Nani kayaandika?"

"Mimi."

"Basi na wewe una lako! Nimeanguka bafuni mara mbili tangu Ijumaa, ninyi mnagombania wino?"

Hasira ambayo fundi alimwekea afisa, yule mama alikuwa anamtupia yeye, naye aliona anaistahili.

Mkurugenzi alijaribu kutuliza. "Dada, vumilia kidogo, tunashughulikia kibali."

"Lori lililonigonga liliniomba kibali? Fungua mlango, au nauvunja kwa gongo hili."

Mkurugenzi alifungua. Wengine wakapigiwa simu, na hadi saa kumi jioni miguu yote kumi na minne ilikuwa imevaliwa na wenyewe, bila Waziri wala kamera.

Alhamisi karakana ilipigwa kufuli na wizara. Fundi sasa hufanyia kazi uani kwake, kwa mabaki ya plastiki, na mkewe hajamsamehe.

"Si ungekubali tu kutengeneza mingine, isiyo na maneno?" mkewe alimwuliza.

"Ningetengeneza," alimjibu, sauti ikipanda hadi jirani akachungulia. "Na ya mwezi ujao je? Na ya mwakani? Nitengeneze miguu tu mpaka soko zima liishe miguu?"