Mtu wa Birika

Sleyum alikuwa na dharau iliyomlisha. Miaka thelathini alikuwa mkaguzi katika soko la matunda na mboga la Mawaleh, Maskati, akibonyeza nyanya kwa kidole gumba na kuwaambia wenye malori kwamba mzigo wao umeoza, na walie watakavyo. Alipostaafu hakuwa tena na nyanya za kubonyeza, basi akaanza kubonyeza watu.

Aliowaona wameoza kuliko wote ni wenzi wa binti yake Nouf, wale wapenda filamu wa mtaa wa Qurum. Walikuwa wakikutana Ijumaa baada ya Alasiri katika jumba la Humam, mwanasheria mwenye bustani kubwa na maneno makubwa zaidi, na kazi yao hasa ilikuwa kuwalilia waongozaji wa filamu wa Ulaya wanapokufa. Afe mzee wa miaka tisini huko kwenye barafu, ambaye hakupata kujua kama Maskati ni mji au ni aina ya kitambaa, na hawa wa Qurum macho yatawaiva. Mwaka mmoja walikufa watatu kwa mwezi mmoja. Nouf alirudi nyumbani amechoka kama aliyepika harusi.

"Mmepata mavuno," Sleyum alimwambia.

"Baba, heshimu wafu."

"Wangu nnawaheshimu. Wako siwajui."

Basi mchana mmoja, wali uko mezani, Nouf akasoma kwenye simu kwamba Velenski amefariki. Sleyum alitaka kuuliza huyo naye ni jirani wa mtaa gani, lakini dada yake, Bi Shahad, alikuwa ameshaweka kijiko chini.

"Velenski," alisema Bi Shahad. "Ndiye aliyemtia Murshid kwenye filamu."

Murshid alikuwa kaka yao mkubwa. Aliondoka Unguja kwenda Ulaya kusomea ujenzi wa madaraja, Shahad akiwa na miaka kumi na mmoja na Sleyum minane. Majira ya baridi ya pili yalimshika mapafu, akafa, akazikwa hukohuko na watu wasiojua hata jina la mama yake. Picha zake mbili zilibaki katika nyumba waliyoiacha walipohamia Omani. Barua moja tu ilisalia, na Bi Shahad aliijua kwa moyo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimsomea mama yao kila Idi: Mama, nimetiwa katika filamu ya bwana mmoja Velenski. Mwisho kabisa natokea na birika, naliweka juu ya jiko. Dakika nzima niko peke yangu. Mkija kuiona mtacheka.

"Uso wake umenipotea, Sleyum," Bi Shahad alisema. "Nkimkumbuka, nnaona uso wako. Nenda kamtazame, uje unambie. Mimi kwa magoti haya sifiki popote."

Nouf alitafuta filamu hiyo kila mahali kwenye mtandao, akapata vipande viwili tu vya mvua. Nakala kamili alikuwa nayo Humam, ametumiwa na rafiki yake wa Ulaya, na Humam hakuazimisha. Filamu kama ile, alisema, haitazamwi peke yake kama mtu anayekula jikoni kwa kusimama. Aje mzee kwenye kumbukumbu ya Velenski.

Basi Sleyum akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaenda Qurum kukaa na watu asiowaweza.

Ilikuwa aibu kuanzia mlangoni. Picha ya Velenski akivuta sigara ilisimamishwa baina ya vyetezo viwili vya udi. Wanaume walijitanda skafu nyeusi, jambo ambalo hakuna aliyemfanyia hata baba yake mzazi. Wanawake hawakuhitaji kujisumbua, kwani mabuibui yalikuwa meusi tayari. Kahawa ilikuwa ya msibani na tende za msibani. Na walipeana mkono wa tanzia. "Adhama Allahu ajrak," mmoja alimwambia mwenzake kwa uso mzito, na mwenzake akashukuru, kama vile marehemu alikuwa ami yake na wamegawana naye ukuta. Sleyum alipopewa mkono aliutazama kwanza, akaupokea kwa vidole viwili.

Filamu ikaanza. Dakika nne ilikuwa ukuta unaonyeshewa mvua. Kisha mwanamke akaja akautazama ule ukuta. Sleyum alikaa mkono gotini, akiwasikia wenye huzuni nyuma yake wakinong'onezana bei za viwanja vya Khuwair ya Kusini, na alivumilia, kwa sababu kila dakika iliyopita ilimsogeza kwa Murshid.

Saa moja na dakika kumi zilipotimia, Humam akabonyeza rimoti. Picha ikasimama. Taa zikawaka.

"Ndugu zangu," alisema Humam, "kazi ya Maestro Velenski haina mwisho. Ndiyo maana sisi, kama desturi yetu, hatuimalizi."

Watu wakapiga makofi. Sleyum alimgeukia bintiye.

"Hamuimalizi?"

"Hatumalizi hata moja, baba," Nouf alijibu kwa sauti ndogo. "Ndefu mno. Chakula hupoa."

Miaka sita ya vilio, na hakuna aliyewahi kuona filamu ikiisha. Sleyum alikuwa amewadharau bila kujua hata nusu ya sababu.

Hotuba zikafuata, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza katika pumzi moja. Akasimama Bashayer, mwalimu wa chuo, mwanamke mwenye miwani mikubwa, akaanza kueleza tukio la mwisho, ambapo anaingia kijana mweusi na birika. Kijana yule, alisema, ni mauti yenyewe. Humam akapinga kwa adabu: kijana ni dhamiri ya Ulaya. Mwingine akaona birika ndilo la kutazamwa, si kijana.

"Mmemuona?" aliuliza Sleyum.

"Naam, Ammi?" Humam alitabasamu.

"Huyo kijana. Nani kati yenu kamuona kwa macho yake?"

Bashayer alirekebisha miwani. "Tumesoma, Ammi. Imeandikwa sana."

"Basi huyo si mauti wala si dhamiri ya mtu. Huyo ni Murshid, kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Washa hicho kitu."

Humam hakuwasha. Hakuna aliyewasha! Waliinuka wote kwa furaha kana kwamba wameletewa maharusi, simu zikamjaa usoni. Wallahi, familia ya Maestro iko kwetu! Ammi, geuka kwenye mwanga. Ammi, alikusimulia Maestro alikuwa mtu wa namna gani? Ammi, unajisikiaje? Sleyum alikuwa amesimama katikati yao, mzee wa miaka sitini na mbili anayeomba aonyeshwe ndugu yake, nao wanampanga apendeze kwenye picha.

Nouf ndiye aliyemnyang'anya Humam rimoti. Alizima taa, akawasha filamu, akasimama mbele ya simu zote mpaka zikashuka. Baada ya hapo harufu ya shuwa, nyama iliyookwa shimoni, iliingia kutoka bustanini, na waliofiwa wakatoka mmoja mmoja kwenda kula. Walibaki baba na binti.

Murshid alitokea dakika ya mwisho, kama alivyoandika. Aliingia kwa mlango wa nyuma ya kamera. Ulionekana mgongo wake katika koti lililompwaya, kisogo, na mkono ulioshika birika. Aliliweka juu ya jiko, akangoja. Dakika nzima. Hakugeuka. Kisha yakaja majina, na jina lake halikuwamo.

Saa mbili alikuwa nazo mpumbavu yule, ukuta akaupiga picha dakika nne, na uso wa Murshid hakuutaka. Sleyum alitaka kuitemea mate ile picha baina ya vyetezo. Alipita tu. Humam alimfuata mpaka kwenye gari na sahani ya nyama, akimsihi awe mgeni wa heshima safari nyingine, kwani kuna mwongozaji mwingine yuko hoi hospitalini.

Bi Shahad alikuwa amekaa sebuleni akiwangoja, mtandio begani, hajala.

"Umemuona?"

"Nimemuona."

"Uso wake ukoje?"

Sleyum alivua kofia, akaiweka gotini. Nouf aliinamisha macho kwenye zulia.

"Mrefu kidogo," alisema Sleyum. "Paji pana. Macho ya mama, yale ya kulegea. Anacheka, Shahad. Kaliweka birika, kageuka kucheka."

"Ndiye," alisema Bi Shahad, na machozi yakamtoka. "Ndiye huyo huyo. Na meno?"

Sleyum akampa na meno.