Firigisi Nilimpa Baba wa Kwenye Picha

Nitukaneni tu, makosa ni yangu. Nilimnyima heshima mtu aliyenilea, tena mbele ya majirani, nikampa mwanamume wa kwenye picha!

Nililelewa kijiji cha Kwanza, huku Kitale, na Simiyu, mume wa mama. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma, mwanamke haigusi. Lakini Simiyu alikuwa akinikatia nusu kimyakimya tangu nikiwa mdogo, nami naitafuna huku nikimuwaza baba yangu halisi wa Bungoma. Sikuwa na shukrani hata chembe!

Baba huyo nilimjua kwa picha moja: miwani nyeusi, ameegemea gari jeupe. Shuleni nikasema ni injinia. Kila Simiyu aliponigombeza, injinia wangu nilimpandisha cheo.

Mwaka huu mchumba wangu na watu wake wakataka kuleta mahari. Simiyu akapaka nyumba rangi, akaazima viti kanisani. Mimi huyoo, mbele ya majirani, nikasema mahari inaenda Kanduyi, kule Bungoma, kwa mwenye damu yake.

"Sawa, mama," akanijibu. Kisha akaanza kurudisha viti.

Ole wangu! Siku ya mahari kule Kanduyi, baba alitokea na miwani ile ile, kioo kimoja kimetoka. Akanipita, akamkumbatia rafiki yangu Nekesa niliyekuja naye.

"Mutoto yangu! Si munaona sura, bana? Hii ni mimi kabisa!"

"Mzee, mtoto wako ni huyu," Nekesa akamwambia.

"Ata huyo pia ni wangu," akasema, bila haya hata kidogo.

Nikamuuliza gari liko wapi.

"Gari gani? Ile ya picha? Hiyo nilikuwa naosha tu."

Mezani akala firigisi, akaitisha ya pili, ati kulea si mchezo. Wageni wakatazama sahani zao. Nilitamani ardhi inimeze!

Juzi nilimchinjia Simiyu kuku, nikampigia magoti. "Baba, nisamehe." Sikuwa nimewahi kumwita baba maishani mwangu. Aliitazama ile firigisi, akasukuma sahani polepole.

"Peleka Kanduyi, mama. Mwenyewe yuko huko."

Nimelia, jamani! Wewe uliye na picha ya baba, iache ukutani. Usiipe kiti cha aliyekulea!

Harusi imekaribia. Wa miwani ameshapiga simu, anauliza suti yake itakuwa rangi gani. Simiyu hajauliza kitu.