Maman Formation na Ramani ya Nguba Iliyofutika

Habari ilinifikia Jumapili, nikitoka kanisani. Mtu mmoja niliyefanya naye kazi zamani alinishika mkono, akanivuta kando ya watu na kuniambia kwa sauti ya chini: "Papa, ulisikia? Maman Formation alituacha jana." Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba safu hii haitaji majina ya watu, na leo pia sitayataja. Lakini jina hilo la utani linatosha, maana wengi katika ofisi za Bukavu hawakumjua kwa jina jingine. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana kabla ofisi yetu ya ramani haijamwita, na neno formation, ambalo hapa kwetu ni kila fundisho linalotolewa kazini, lilimganda kama jina la ubatizo. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulifanya kazi chini ya paa moja, mimi nikiandika ripoti, yeye akifundisha, na bado sijakutana na mtu aliyeijua kazi ya kufundisha watu wazima kama alivyoijua yeye.

Ofisi yetu ilichora ramani za barabara za Kivu, za mitaa ya mji, na za mashamba ya mpunga kule Luberizi katika bonde la Ruzizi. Kila kitu kilichorwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino, juu ya meza pana zilizoinama. Ndipo wafadhili wakatuletea kompyuta za kuchorea, mashine nzito zenye kioo kikubwa na kipanya cha kusukuma kwa mkono, vitu ambavyo wengi wetu tulikuwa hatujaviona hata kwa picha. Zilifika pamoja na mpango wa mafunzo uliotungwa mbali na hapa: kwanza nadharia, tena nadharia nyingi; wakuu wa idara watangulie, kisha wachoraji vijana. Wachoraji wazee hawakutajwa. Nao hawakuhitaji kuelezwa maana yake, kwa sababu meza zile za kuchorea zilikuwa ziondolewe, na asiyejua mashine angebaki amesimama bila meza wala kazi.

Maman Formation aliusoma mpango ule, akaomba apewe muda. Kwa siku kadhaa alikaa kwenye kigoda kando ya wachoraji, akitazama. Hakuwauliza lolote kuhusu mashine. Aliwauliza hufanya nini mstari ukienda vibaya. Wakamwonyesha wembe wa kukwangulia wino, wakamsimulia jinsi doa moja linavyoweza kuua kazi ya wiki nzima. Aliponiona napita aliniambia: "Hawa watu wanaishi na woga wa doa. Ukiwaweka mbele ya mashini, wataenda na huo woga." Kisha akaenda kwa mkurugenzi, ambaye kwa desturi ya Zaïre ya siku zile tulimwita Citoyen, yaani Raia. Mlango ulikuwa wazi, na sisi wa chumba cha pili tulisikia kila neno.

"Citoyen Directeur, hii programu siwezi kuifundisha. Wazee hawako ndani."

"Maman, wale mikono yao ilishazoea kalamu. Ujumbe wa Kinshasa unakuja kuona mashini zinatumika. Tuanze na vijana, twende vite, haraka."

"Basi utafute mwalimu mwingine. Mimi nafundisha wote, ama sifundishi."

"Na wakishindwa mbele ya ujumbe?"

"Wakishindwa, utasema ni mimi nilishindwa. Nitarudi kwa hesabu yangu."

Mwalimu mwingine hakuwapo, na mkurugenzi alilijua hilo. Akakubali, lakini kwa uso wa mtu anayengoja kuthibitishiwa kwamba alikuwa amesema kweli.

Mpango wake mpya ulikuwa mwepesi kuuelewa. Aliwapanga wawili wawili, mzee na kijana. Mashine ziliwashwa asubuhi, umeme ulipokuwa wa kuaminika, na mchana walifanya kazi ya karatasi. Zoezi la kwanza lilikuwa kuchora mtaa wa Nguba, kwa sababu kila mtu wa Bukavu anajua ziwa linavyoingia na kutoka pale. Mimi pia alinitia darasani. Alisema anayeandika juu ya ramani ajue inavyozaliwa. Basi nilikuwapo asubuhi ile mkurugenzi alipoingia na abakosti yake, lile koti la wakubwa wa siku zile, iliyopigwa pasi, akasimama nyuma ya mchoraji mzee kuliko wote, mikono mgongoni. Mzee huyu alikuwa na mkono uliotulia kiasi kwamba tulikuwa tunamtania kuwa anaweza kuchora akiwa usingizini. Lakini alipohisi pumzi ya mkubwa juu ya shingo, kipanya kikaanza kutetemeka. Akabonyeza mahali, akabonyeza tena, na Nguba yote ikatoweka. Kioo kikabaki kitupu.

Mzee alisimama, akachukua koti lake. "Maman, mi naenda. Nilikuambia hii kitu si ya umri yangu." Mkurugenzi akamgeukia mwalimu: "Unaona?"

Maman Formation alikwenda akamshika mzee kiwiko, polepole. "Papa, kaa. Umetufikisha kwa somo ya leo." Kisha akatugeukia sote: "Kila mutu afute yake. Yote."

"Hata pwani?" akauliza mmoja.

"Hata ziwa yenyewe!"

Tulicheka kwa hofu, na tukafuta. Yeye akamwendea mkurugenzi. Alisema kwa heshima, lakini tulisikia: "Citoyen Directeur, hapa tunaenda kukosea sana, na makosa inaona haya mbele ya mukubwa. Tafadhali, utuachie chumba." Niliuona mshipa ukisimama shingoni mwa mkurugenzi. Zaïre ya siku zile haikuwa nchi ambamo mtu humtoa mkubwa wake nje ya chumba. Alisimama, akatutazama, akatoka. Mwalimu akafunga mlango.

Akatuonyesha jinsi ya kuirudisha kazi kutoka kwenye nakala aliyoihifadhi jana yake. Nguba ikarudi kwenye vioo vyote, nyumba kwa nyumba. "Sasa mufute tena," akasema. Mzee akafuta akarudisha, akafuta akarudisha, hadi bega lake likashuka. Kijana mmoja akakumbuka methali: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mwalimu akamjibu: "Hiyo ni ya huko inje. Humu ndani, kurudia kosa njo kazi," yaani ndiyo kazi yenyewe. Tangu siku hiyo alibadilisha mpango: kila kundi jipya lilijifunza kufuta na kurudisha kabla ya kujifunza kuchora.

Ujumbe ulipokuja, mzee alikuwa mbele ya mashine. Mgeni mmoja alimwomba aisogeze barabara ya Luberizi. Akaisogeza vibaya, akasema "pardon", yaani samahani, akairudisha, akaisogeza sawasawa, wala hakumtazama mtu. Wageni walipoondoka, mkurugenzi alimwita mwalimu kando. Tulidhani ni karipio. "Maman," alisema, "na mimi nitaanza lini?"

Mashine zile zilikufa. Vipuri havikupatikana, wafadhili wakaondoka, na ofisi imebaki na meza zisizo na watu. Lakini mmoja wa vijana wale ana chumba chake cha kuchora karibu na soko la Nyawera, wengine ni walimu, na mzee alichora hadi siku ya kustaafu. Nilimwona mazishini, akiegemea fimbo. Nilimuuliza anakumbuka nini zaidi. "Siku ile nilitaka kwenda," alisema, "yeye njo alinizuia, tena bila kunifezehesha."

Siku hizi tunaletewa vyombo vipya kwa mbwembwe, na nyuma yake hufuata mipango ya mafunzo iliyotungwa na watu wasiowajua wanaofundishwa. Kisha mtu akishindwa, tunalaumu umri wake au shule aliyosoma. Marehemu alinifunza kwamba mtu mzima hashindwi na mashine; hushindwa na haya. Basi ninyi mtakaopewa kazi ya kupanga mafunzo, kabla ya kugawa masomo na masaa, kaeni kwanza kando ya mtu mtakayemfundisha, mtazame mikono yake ikifanya kazi, mmuulize anaogopa nini. Mkimwuliza kwa heshima, atawaambia, na hapo ndipo pa kuanzia.