Viti vya Bwana Vipo

Mtaa mzima ulimwita Bwana Vipo, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyekuja kukodi viti na turubai. "Vipo!" alisema, hata kabla hujamwambia ni vya siku gani. Vipo wapi, hilo halikumhusu. Lilimhusu mkewe.

Na alikuwa mcheshi, jamani! Harusini alipeleka viti akabaki kucheza. Alicheza kumshinda bwana harusi, alikula kuwashinda wageni, na picha ikipigwa tumbo lake ndilo lililotangulia. Wakati huo mkewe yuko uani na ndoo na brashi, anasugua mchuzi wa sherehe ya jana kwenye viti vya plastiki. Msiba huu ulikosa viti, harusi ile ikapata nusu, na Bwana Vipo akiulizwa alicheka mpaka mwenye hasira naye akacheka. Asiyecheka alielekezwa uani: "Muulizeni mama, stoo ni yake." Matusi akayapokea mama.

Basi akafa, tena katikati ya dansi, jambo ambalo marafiki zake walilisimulia kana kwamba ameshinda kombe.

Haukupita muda mrefu, mdogo wake marehemu akaingia uani bila hodi. Alikuwa na kicheko kilekile cha kaka yake, ila kimepauka.

"Shemeji, Jumamosi tunamkumbuka kaka. Nimealika mtaa mzima. Nimewaambia viti vipo."

"Havipo."

"Havipo vipi, na mimi naviona hapa?"

"Jumamosi ni harusi ya binti wa fundi cherehani. Kaka yako mwenyewe alimwahidi."

"Aah, kaka aliahidi wangapi! Mwambie tu, ataelewa."

Ataelewa. Mama alilitafuna neno hilo kama punje ya mchanga. Fundi cherehani alikwisha kuelewa mara moja. Binti yake mkubwa alipoolewa, wakwe walikaa juu ya matofali wakaondoka wamenuna, kwa sababu viti vyao Bwana Vipo alikuwa amevipeleka kwa mwenzake wa dansi. Sasa biashara ilikuwa mikononi mwa mama. Akimwangusha fundi mara ya pili, nani atamwamini tena? Jina la Bwana Vipo lingemganda yeye kama kupe.

"Viti vinakwenda harusini," akasema.

"Yaani kaka yangu, mwenye viti, akumbukwe watu wamesimama? Huoni aibu?"

"Marehemu hana shida ya kiti, shemeji. Amelala."

Jumamosi watu walifika wamependeza, wakatafuta pa kukaa, wakatazamana. Shemeji alizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakukuwa na hata benchi. Rafiki mkubwa wa marehemu, mwenye duka la vinywaji, alipanda kizingitini akaanza kusifu huku jua likimchoma kipara.

"Alikuwa mtu wa watu! Alikuwa na moyo mkubwa!"

"Mkubwa kweli," mama akanong'ona. Alikuwa ameketi juu ya ndoo yake ya kuoshea, ameigeuza kichwa chini. "Ila haukuwa na mikono."

Dada yake, aliyekuwa kando, akajifunika uso kwa khanga. Waliokuwa mbali walidhani analia.

Miguu iliwauma waombolezaji kabla huzuni haijawashika. Wa kwanza alikumbuka ameacha sufuria jikoni. Wa pili hakukumbuka kitu, aliondoka tu. Mwenye duka la vinywaji alipofika kwenye "hatutamsahau," alikuwa akimhutubia shemeji peke yake.

Mama akajipangusa vumbi, akaenda harusini kuangalia mali yake. Kila mgeni alikuwa amekaa, wakwe mbele kabisa, wanacheka. Fundi cherehani alimwona mlangoni, akaja mbio na kiti.

"Kaa, mama'angu! Leo usisimame."

Miaka yote hiyo aliviosha, na hakuwahi kukalia hata kimoja penye sherehe. Akakaa. Kiti kikayumba. Akainama: mguu mmoja ulikuwa na ufa, umefungwa kwa waya. Marehemu aliapa mbele ya watu kwamba hicho amekwisha kukitupa.

"Ona," akasema, akisimama. "Hata hapa hakosekani."

Akakibeba mpaka jalalani, akarudi kuchukua kizima.